Nani Anauza Nini? Kuuelewa Mnada wa Haki za Televisheni katika Raga ya Australia

Mtaani Zetland, jijini Sydney, palikuwa na uwanja wa mbio za farasi ulioitwa Victoria Park. Jirani wa uwanja huo, bwana Taylor, aliruhusu jukwaa lijengwe uani kwake. Kutoka juu ya jukwaa hilo mtangazaji wa redio alichungulia upande wa pili wa ukuta, akawasimulia wasikilizaji farasi yupi anaongoza na yupi ameshinda. Wenye uwanja walilalamika kwamba watu sasa wanabaki nyumbani na redio zao badala ya kuja kulipa kiingilio. Shauri likapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya Australia, na mwaka 1937 majaji watatu dhidi ya wawili wakasema Taylor hana kosa. Kutazama si kuiba. Jaji Mkuu Latham alieleza kwamba kama wenye uwanja hawapendi kutazamwa, wanaweza kuurefusha ukuta wao.

Naanzia kwenye ukuta huo kwa sababu ndio unaojibu swali ambalo wengi hulipita haraka. Tunaposikia kwamba ligi ya raga ya Australia, NRL, imeuza haki za kuonyesha mechi zake kwa takriban dola bilioni 2 za Australia kwa miaka mitano, 2023 hadi 2027, ni kitu gani hasa kilichobadilisha mikono? Mechi yenyewe haina mwenyewe. Ikishachezwa, habari zake ni za kila mtu: nani kafunga, nani kaumia, matokeo yalikuwaje. Kinachouzwa ni ruhusa ya kupita ukuta ukiwa na kamera. Ligi na klabu zake ndizo zinazoamua nani aingie na vifaa vyake, akae wapi, na nani azuiwe mlangoni. Picha ikishapigwa na kurushwa hewani ndipo hakimiliki inapozaliwa, maana sheria huyalinda matangazo ya mechi hata kama haiilindi mechi.

Ukuta huo ulijaribiwa upya mwaka 2012, safari hii kwa simu ya mkononi. Kampuni ya simu ya Optus ilikuwa na huduma iliyomwezesha mteja kurekodi kipindi cha televisheni ya bure na kukitazama kwenye simu, kwa baadhi ya vifaa dakika mbili tu nyuma ya tukio. Mshindani wake, Telstra, alikuwa amelipia haki za kuonyesha mechi kwenye simu. Optus ikajitetea kwamba anayerekodi ni mteja, na sheria inamruhusu mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye kwa wasaa wake. Februari jaji akaukubali utetezi huo. Aprili jopo la rufaa likautengua, likisema Optus yenyewe imeshiriki katika kurekodi. Kati ya miezi hiyo miwili, NRL ilikuwa inajiandaa kuuza haki za 2013 hadi 2017, na haikuwa na uhakika kama haki za simu zina thamani yoyote. Muuzaji anayeingia sokoni bila kujua kama mlango wake una kitasa hawezi kutaja bei kwa sauti.

Wanunuzi wasiofanana

Raga tunayoizungumzia ni ile ya wachezaji 13. Ilijitenga na ile ya 15 kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, klabu zilipotaka kuwafidia wachezaji ujira waliokosa kazini kwa sababu ya mechi. Yaani mchezo huu ulizaliwa kwenye ugomvi wa pesa, na nadhani ndiyo maana haujawahi kuona aibu kuzizungumzia. Ligi ya Sydney ilianza kuchezwa mwaka 1908. Ngome zake hadi leo ni majimbo ya New South Wales na Queensland.

Mezani hukaa wanunuzi wa namna mbili, na tofauti yao ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Wa kwanza ni televisheni ya bure, kwa sasa Channel Nine. Yeye hamtozi mtazamaji kitu. Hupata pesa kwa kuwauzia wafanyabiashara dakika za matangazo yao, kwa hiyo anahitaji umati mkubwa kwa wakati mmoja: mechi chache, lakini zile ambazo nusu ya mji inatazama. Wa pili ni televisheni ya kulipia, Foxtel, pamoja na huduma yake ya mtandaoni iitwayo Kayo. Yeye hulipwa ada ya kila mwezi, na hofu yake kubwa ni mteja kukata ada. Umati wa usiku mmoja haumsaidii sana. Anachohitaji ni sababu ya mteja kubaki mwezi hadi mwezi, yaani mechi nyingi, kila wiki, na ikiwezekana nyingine zisionekane kwingine.

Ndiyo maana haki hizohizo zinaweza kuuzwa mara mbili bila mtu kuona amedhulumiwa. Nine huonyesha mechi tatu kwa wiki. Foxtel huonyesha zote nane. Lakini fainali kuu na zile mechi tatu za State of Origin, ambapo New South Wales hupambana na Queensland, huonekana mubashara Nine peke yake. Origin ilianza mwaka 1980 na kila mwaka huwa miongoni mwa vipindi vinavyotazamwa zaidi katika televisheni ya nchi ile.

Juu ya meza hiyo imetandazwa sheria. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1992, serikali ya Australia ina orodha ya matukio ya michezo ambayo televisheni ya kulipia hairuhusiwi kuyanunua kabla televisheni ya bure haijapata nafasi yake. Mechi za NRL, Origin na fainali kuu zimo. Orodha hiyo haimlazimishi mtu wa televisheni ya bure kununua wala kuonyesha. Inampa tu nafasi ya kwanza mlangoni. Mwaka 2024 Bunge liliipanua ili iwabane pia wale wanaoonyesha kupitia intaneti, kwa kuwa kulikuwa na mwanya: sheria ilimtaja mwenye king'amuzi, haikumtaja tajiri wa mtandaoni.

Kwa mtazamaji orodha hiyo ni ngao, nami naiunga mkono. Kwa muuzaji ni gharama. Hawezi kumwambia Foxtel "chukua vyote, lipa mara mbili," kwa sababu vyote si vyake kuvitoa. Ligi zimeilalamikia orodha hii kwa miaka mingi, na ukizisikiliza kwa makini utaona haziombi kukimbilia televisheni ya kulipia. Zinaomba zionekane kama zinaweza kukimbia.

Bidhaa ni saa

Ukiniuliza NRL inauza nini kwa lugha ya sokoni, nitasema inauza saa za usiku. Ligi ina timu 17. Kila timu hucheza mechi 24 kabla ya hatua ya mtoano, jumla 204, takriban nane kila wiki. Zingechezwa zote Jumapili saa 9 alasiri, mnunuzi angepata alasiri moja tu ya kuuzia matangazo, na mechi zingelana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo wiki huvutwa kama unga wa chapati: moja Alhamisi usiku, mbili Ijumaa, tatu Jumamosi, mbili Jumapili. Kila nafasi ina bei yake. Ijumaa saa 2 usiku ni dhahabu, watu wametoka kazini na hawajatoka nyumbani. Jumapili saa 10 alasiri nayo ina wenyewe, familia nzima ikiwa sebuleni.

Ijumaa saa 12 jioni kwa muda mrefu haikuwa nafasi ya mtu, kwa kuwa watu wa Sydney wako barabarani. Lakini saa 12 jioni ya Sydney wakati wa majira yao ya baridi ni saa 2 usiku ya Auckland. Mechi ya Warriors wakiwa nyumbani New Zealand inaingia pale kama kisu kwenye ala yake: kwao ni usiku mzuri wa mechi, kwa Australia ni nafasi iliyokuwa imelala, na mnunuzi wa New Zealand, ambaye ni soko jingine lenye mkataba wake, anapata anachokitaka.

Nafasi hizi ndizo chanzo cha ugomvi mwingi ndani ya ligi kuliko kiasi cha pesa chenyewe. Televisheni ya bure hupenda timu inayobeba mji mzima, na Brisbane Broncos kwa miaka mingi walikuwa peke yao katika mji wao, hadi Dolphins walipoingia mwaka 2023. Kwa hiyo Broncos huonekana Ijumaa usiku mara nyingi kuliko wengine. Mdhamini anayeweka jina lake kwenye jezi hulipa kwa kuhesabu macho. Klabu ndogo ya Sydney inayopangiwa Jumamosi na Jumapili kwenye televisheni ya kulipia tu hupata mgawo sawa wa pesa za haki, lakini hupoteza kwa mdhamini, na hupoteza tena getini kwa kuwa saa iliyopangiwa haimfai baba mwenye watoto wadogo. Fainali kuu yenyewe ilihamia usiku kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Kila mwaka mashabiki huomba irudi mchana, na kila mwaka jibu linategemea mkataba unasemaje.

Kuna jambo jingine la saa ambalo watu hawaliangalii. Mpinzani mkubwa wa NRL sokoni ni mchezo wa kandanda ya Kiaustralia, ligi ya AFL, yenye ngome Melbourne, Adelaide na Perth. Mwaka 2022 AFL ilitangaza mkataba wa dola bilioni 4.5 kwa miaka saba, 2025 hadi 2031. Mwenye kiburi cha raga huona ni upendeleo. Tazama kwanza mchezo wenyewe. AFL ina robo nne, na kila goli likifungwa mpira hurudishwa katikati, pakapatikana mapumziko mafupi ambamo tangazo la biashara linaingia bila kumkera mtazamaji. Mechi nzima ni ndefu mno kuliko ya raga. Raga ya wachezaji 13 ina vipindi viwili vya dakika 40 na haisimami ovyo. Tangazo linapata pumzi pale tu timu ikifunga na mpigaji akiandaa mkwaju wake. Utamu wa raga, yaani kutosimama kwake, ndio unaoipunguzia bei kwa muuza matangazo. Umati ukiwa sawa kabisa, dakika za kuuza si sawa.

Mnunuzi wa pili

Mengi hutajwa kuwa ndiyo hupanga bei: idadi ya watazamaji, ubora wa mchezo, historia. Nimeifuatilia historia ya raga hii kwa karibu, na ninachokiona ni kwamba bei hupangwa na mtu mmoja, yule mnunuzi wa pili aliyesimama nje ya mlango. Akiwepo, bei hupanda hata mchezo ukiwa na matatizo. Akikosekana, hakuna takwimu itakayokuokoa.

Ushahidi mkubwa ni vita vya miaka ya 1995 hadi 1997. Televisheni ya kulipia ilikuwa inaingia Australia. Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, kupitia kampuni yake ya News, alikuwa ameungana na Telstra kuanzisha Foxtel. Kerry Packer, mwenye Channel Nine, alikuwa upande wa Optus Vision, televisheni ya kulipia iliyoshindana na Foxtel, na tayari alishikilia haki za raga kutoka kwa chama cha mchezo huo, ARL. Murdoch alikuwa na nyaya lakini hana mechi za kupitisha ndani yake. Mlango wa haki ulikuwa umefungwa, basi akaamua kununua wachezaji. Kuanzia mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 1995, wajumbe wake walizunguka kuwasainisha wachezaji na makocha kwa ligi mpya, Super League. ARL, kwa pesa za upande wa Packer, wakajibu kwa kuwasainisha wao. Wachezaji walishuhudia mishahara yao ikiruka ndani ya siku chache, bila yeyote kati yao kuwa amekimbia kasi zaidi ya wiki iliyopita.

Februari 1996 mahakama ilizuia ligi hiyo mpya. Oktoba mwaka huohuo rufaa ikaifungulia njia. Mwaka 1997 Australia ikawa na ligi mbili: Newcastle Knights wakatwaa ubingwa wa ARL, Brisbane Broncos wakatwaa wa Super League. Mashabiki waligawanyika, wengine wakaacha kabisa kwenda uwanjani. Desemba 1997 pande mbili zikapatana, na mwaka 1998 NRL ikazaliwa ikiwa na timu 20, nusu ya umiliki mikononi mwa News. Angalia hilo vizuri: mnunuzi wa haki akawa pia mwenye nusu ya duka. Hali hiyo ilidumu hadi Februari 2012, News ilipojitoa na tume huru, ARLC, ikashika usukani. Mkataba wa kwanza wa tume hiyo, uliotangazwa Agosti 2012, ulikuwa wa dola bilioni 1.025 kwa miaka mitano. Kwangu mimi hiyo ndiyo mara ya kwanza katika zama za NRL muuzaji na mnunuzi kukaa pande mbili za meza kikweli.

Gharama ya amani ya 1997 ililipwa na klabu. Makubaliano yalitaka timu zipunguzwe hadi 14 kufikia mwaka 2000. Baadhi ziliungana, kama St George na Illawarra. South Sydney, moja ya klabu zilizoianzisha ligi mwaka 1908, yenye makao yake Redfern, mwendo mfupi kutoka ule uwanja wa farasi wa Zetland, ilitupwa nje baada ya msimu wa 1999. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana Sydney. Klabu ikaenda mahakamani, ikashinda rufaa mwaka 2001, ikarudi uwanjani mwaka 2002. Mwaka 2003 mahakama ya juu iliutengua ushindi ule, lakini klabu ilikuwa imesharudi na hakuna aliyethubutu kuitoa tena. Mwaka 2014 walitwaa ubingwa, wa kwanza tangu 1971. Nikisikia mtu akisema haki za televisheni ni mambo ya wahasibu, namkumbusha South Sydney.

Mpangilio wa mazungumzo

Ukiwa na wanunuzi wawili wenye kiu tofauti, unaanza na nani? Mwaka 2015 NRL ilitoa somo ambalo bado linasimuliwa. Agosti mwaka huo, chini ya mtendaji mkuu Dave Smith, ilitangaza mkataba na Nine wa dola milioni 925 kwa miaka mitano kuanzia 2018. Nine ilipewa mechi nne kwa wiki badala ya tatu, ikiwemo ya Jumamosi usiku. Foxtel na wenzao wa Fox Sports hawakuwa mezani. Kwa televisheni ya kulipia, Jumamosi ndiyo mali yenyewe. Kumpa mwingine mechi ya Jumamosi ni kuwaambia wateja wako kwamba hawahitaji kulipa.

Jibu lilikuja ndani ya siku chache. Murdoch alitokea Australia, akasimama pamoja na viongozi wa AFL wakati wa kutangaza mkataba wao wa dola bilioni 2.5 kwa miaka sita, na akausifu mchezo wao kuwa ndio alioupenda zaidi siku zote. Ujumbe kwa NRL haukuhitaji mkalimani. Pesa za televisheni ya kulipia zilikuwa zimeelekea kusini kwanza, kwa AFL. Dave Smith aliondoka kabla mwaka haujaisha. Novemba mwafaka ulipatikana na Fox, ile mechi ya Jumamosi ikarudishwa, na jumla ya vyote ikatangazwa kuwa dola bilioni 1.8.

Wapo wanaosema Smith alikosea. Mimi naona alifanya jambo la hatari ambalo mwishowe lililipa: kutoka bilioni 1.025 hadi 1.8 si hasara. Kosa, kama lipo, ni kumwacha mnunuzi mwenye fedha nyingi apate habari kwenye magazeti. Mazungumzo ya aina hii yanahitaji kila upande ujue mwenzake anazungumza na nani, bila kujua ameahidiwa nini.

Kuna kipengele kimoja katika mikataba ya namna hii ambacho huonekana cha adabu tu na kumbe ni sumu: haki ya mnunuzi wa sasa kulinganisha dau lolote litakaloletwa na mwingine. Yaani mgeni akisema mia, mwenyeji akisema mia pia, mwenyeji anabaki na mali. Inasikika kama heshima kwa mteja wa siku nyingi. Lakini jiweke kwenye viatu vya huyo mgeni. Utalipa wanasheria, utafanya hesabu kwa miezi, utapanga studio na watangazaji, ukijua kwamba dau lako zuri litachukuliwa na mwingine kama kipimo? Wengi hawaji kabisa. Muuzaji aliyekitoa kipengele hicho ili apate nyongeza ndogo leo amemfukuza mnunuzi wa pili wa kesho kwa mkono wake mwenyewe.

Na hizo tarakimu zinazotangazwa kwenye mikutano ya waandishi zisomwe kwa utulivu. Ndani ya "bilioni" huwa na fedha taslimu, lakini huwa pia na dakika za matangazo ambazo kituo kinaipa ligi kujinadi, zikihesabiwa kwa bei ambayo kituo chenyewe kimeipanga. Huwa na gharama za kurusha mechi, ambazo mkataba mmoja huzibebesha kituo na mwingine huzibebesha ligi. Fedha zenyewe hazilipwi sawasawa kila mwaka. Mikataba miwili yenye jumla ileile inaweza kuiacha ligi moja na akiba na nyingine na madeni.

Mchezo uleule, nchi nyingine

Uingereza ndiko raga hii ilikozaliwa, na huko mnunuzi wa pili hajatokea. Katika vita vilevile vya 1995, Murdoch alizipatia klabu za Uingereza pauni milioni 87 kwa miaka mitano kupitia News, na zikakubali ndani ya siku chache jambo ambalo karne nzima haikuwahi kulifanya: kuhamisha msimu kutoka baridi kwenda kiangazi. Mechi ya kwanza ya Super League ya Uingereza ilichezwa Paris, Machi 29, 1996, Paris Saint-Germain dhidi ya Sheffield Eagles. Pendekezo la kuunganisha klabu, Castleford na Wakefield na Featherstone kuwa timu moja, liliwatoa watu barabarani hadi likazikwa.

Tangu hapo Sky, televisheni ya kulipia ya Uingereza, imekuwa mnunuzi mkuu. Wakati Sky ilipokuwa ikipigania haki za soka dhidi ya washindani wengine, mkataba wa raga ulifika takriban pauni milioni 40 kwa mwaka. Ulipokwisha mwaka 2021, katikati ya janga la korona, bila mshindani wa maana nje ya mlango, uliofuata uliripotiwa kuwa takriban milioni 25 kwa mwaka. Wachezaji hawakuwa wabaya zaidi. Mashabiki wa Wigan na St Helens hawakuwa wamepungua mapenzi. Chumba kilikuwa na mtu mmoja tu mwenye kalamu. Ligi ikalazimika kujibadilisha ili kumtengeneza mnunuzi: ikaingia ubia wa miaka 12 na IMG, kampuni ya biashara ya michezo, mwaka 2022, ikaanza kuzipima klabu kwa alama, na tangu 2024 kila mechi ya Super League inarushwa, huku nyingine zikionekana BBC bure.

Mkataba ni ahadi ya kupeleka bidhaa

Machi 2020 NRL ilisimama kwa sababu ya korona, na ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba mkataba wa haki una upande wa pili. Ligi imeahidi mechi. Bila mechi, mnunuzi halazimiki kulipa. Zile bilioni zilikuwa zimeingia kwa miaka mingi na kutoka vilevile, akiba ilikuwa ndogo, na Channel Nine ilitoa taarifa hadharani ikiishutumu ligi kwa kutapanya fedha. Taarifa ile ilikuwa ya mazungumzo kuliko ya hasira, kwa maoni yangu: Nine ilikuwa inalipa bei ya soko la 2015 katika soko la 2020, na ilipata dirisha la kuipunguza.

Mwenyekiti wa ARLC, Peter V'landys, alitangaza kurudi Mei 28 wakati michezo mingi duniani ilikuwa imefungwa, na siku hiyo ligi ikarudi kweli. Wengi walisifu ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, lakini hesabu ilikuwa hii: kila wiki bila mechi ilikuwa wiki ya kupoteza hoja mezani. Mkataba ulipangwa upya, wanunuzi wakapata nafuu ya bei, Foxtel ikaongeza muda hadi 2027. Mwamuzi wa pili uwanjani akaondolewa, kupunguza gharama ikiwa moja ya sababu zilizotajwa, na ikaingizwa sheria ya kuanza upya hesabu ya kukabwa (timu hukabwa mara sita kabla ya kuuachia mpira) badala ya kusimamisha mchezo kwa adhabu. Raga ikawa na kasi zaidi. Ukitaka kujua televisheni inafika hadi wapi, inafika hadi kwenye filimbi ya mwamuzi.

Wachezaji nao walijifunza kusoma mikataba hii. Mgawo wao hutokana na makubaliano kati ya ligi na chama chao, na kikomo cha mishahara ya kila klabu, dola milioni 12.1 mwaka 2023, ni mtoto wa haki za televisheni. Mazungumzo yalipokwama mwaka huo, hawakugoma kucheza. Walikataa mahojiano siku za mechi na wakafunika nembo ya NRL kwenye jezi kwa utepe. Walijua ni wapi panauma: mnunuzi amelipia mechi, lakini pia amelipia sura na sauti zinazoizunguka. Makubaliano yalipatikana Agosti mwaka huohuo.

Mnunuzi mpya, saa mpya

Mwaka 2025 Foxtel ilinunuliwa na DAZN, kampuni ya michezo ya mtandaoni inayofanya kazi katika nchi nyingi. Mnunuzi aliyejulikana kwa miaka 30 akawa na bwana mwingine, mwenye hesabu za dunia nzima. NRL yenyewe imekuwa ikipeleka mechi za ufunguzi wa msimu Las Vegas tangu Machi 2024, na katika hilo watalii uwanjani ni sehemu ndogo tu. Inataka kuonwa na watu wenye mikoba ambao hawajawahi kuketi kwenye meza yake.

Kisha kuna Perth. Timu ya Perth Bears inaingia mwaka 2027, mwaka wa mwisho wa mkataba wa sasa, na timu ya Papua New Guinea mwaka unaofuata, ikisaidiwa na dola milioni 600 za serikali ya Australia kwa miaka 10. Timu ya 18 maana yake ni mechi ya tisa kila wiki. Mechi hiyo ikichezwa Perth saa 1:30 usiku katika majira ya baridi, Sydney itakuwa saa 3:30 usiku, dakika chache baada ya mechi nyingine ya Jumamosi kumalizika, wakati ambapo hadi sasa mtazamaji amekuwa akizima televisheni na kwenda kulala.